Teke la Mzinga: Momenta na Vita vya Meli Katika Ziwa Tanganyika, 1915–1916

Kati ya Desemba 1915 na Julai 1916 Ziwa Tanganyika lilikuwa uwanja wa vita vya majini. Wajerumani walikuwa na kituo chao Kigoma. Wabelgiji na Waingereza walikuwa ng'ambo ya pili, Kalemie, karibu na mahali Mto Lukuga unapotokea ziwani. Vyombo vilivyopigana vilikuwa vichache, na vingi vyake vilikuwa vidogo kuliko majahazi ya biashara ya pwani. Habari za vita hivyo zimesimuliwa mara nyingi kwa kufuata visa vya makamanda. Lakini swali lililowasumbua mafundi wa pande zote mbili lilikuwa la fizikia: chombo cha ukubwa gani kinaweza kubeba na kufyatua mzinga wa ukubwa gani? Jibu la swali hilo limo ndani ya kanuni ya momenta.

Momenta ya kitu ni zao la tungamo lake na kasi yake, ikihesabiwa pamoja na mwelekeo. Kitu cha kilo 10 kinachokwenda mita 3 kwa sekunde kina momenta ya 30, na kitu cha kilo 30 kinachokwenda mita 1 kwa sekunde kina momenta hiyo hiyo. Sheria za migongano zilianza kuwekwa wazi mwaka 1668, pale John Wallis, Christopher Wren na Christiaan Huygens walipoombwa na Jumuiya ya Kifalme ya London wachunguze jinsi vitu vinavyogongana. Mwaka 1687 Isaac Newton aliziunganisha na sheria zake za mwendo. Mambo mawili yanatosha kuelewa yaliyotokea ziwani. La kwanza, vitu viwili vinaposukumana vyenyewe bila kani ya nje, jumla ya momenta yao haibadiliki: kinachopata kimoja upande huu, kingine hupata kiasi hicho hicho upande wa pili. La pili, badiliko la momenta ni sawa na kani ikizidishwa kwa muda inaotenda kazi. Zao hilo la kani na muda huitwa msukumo.

Watu wa Ujiji waliishi na kanuni hizo karne nyingi kabla ya meli za chuma. Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji mwezi Februari 1858 walikuta safari za ziwani zikifanywa kwa mitumbwi ya gogo lililochongwa, na kwa mitumbwi hiyo walisafiri kuelekea kaskazini hadi Uvira. Kila mpiga kafi huyarusha maji nyuma, na mtumbwi hupokea momenta ile ile kwenda mbele. Kanuni hiyo huonekana wazi zaidi mtumbwi unapofika ufukoni. Mtu wa kilo 60 akiruka kutoka omo kwa kasi ya mita 2 kwa sekunde, anaondoka na momenta ya 120. Mtumbwi wa kilo 120 usiofungwa kamba hurudi ziwani kwa kasi ya mita 1 kwa sekunde. Mwenzake aliyesimama nyuma asipojishikilia, huanguka majini. Ndiyo maana mtu wa kwanza kushuka hushuka taratibu, au hushuka huku ameshika kamba.

Mzinga ni mfano huo huo kwa vipimo vikubwa zaidi. Kabla ya kufyatuliwa, mzinga na kombora vimetulia na jumla ya momenta ni sifuri. Baruti inapowaka, kombora huenda mbele na mzinga hurudi nyuma, na jumla hubaki sifuri. Hewa moto inayotoka mtutuni nayo ina momenta yake, kwa hiyo teke halisi huzidi lile la kombora peke yake. Mzinga ukifungwa imara kwenye chombo, momenta hiyo ya kurudi nyuma hugawanywa kwa tungamo la chombo chote.

Vita vilipoanza mwaka 1914, Wajerumani walikuwa na faida kubwa ziwani. Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma mwezi Februari mwaka huo, na kwa njia hiyo ililetwa meli Graf von Götzen, iliyotengenezwa katika kiwanda cha Meyer huko Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande na kufungwa katika masanduku yapatayo 5,000. Iliunganishwa upya Kigoma chini ya usimamizi wa mafundi watatu wa kiwanda hicho na kushushwa majini mwezi Februari 1915. Urefu wake ni mita 71, na uzito wake ulizidi tani 1,000. Mwaka huo huo manowari ya Kijerumani Königsberg iliangamia katika delta ya Mto Rufiji. Mizinga yake ya milimita 105 iliokolewa na kutawanywa nchini, na mmoja ulipelekwa Kigoma ukafungwa kwenye Götzen.

Kombora la mzinga huo lilikuwa na kilo 17 na ushei na lilitoka mtutuni kwa kasi ya karibu mita 700 kwa sekunde. Momenta yake ilifika takriban 12,000. Ukigawa kwa kilo 1,000,000 za meli, kila pigo liliisukuma Götzen kwa kasi ya sentimita moja na kidogo kwa sekunde. Mabaharia waliusikia mshindo, lakini mwendo wa meli haukubadilika kwa kiasi cha kuonekana. Meli kubwa ilikuwa jukwaa tulivu la mzinga mkubwa, na hakuna chombo kingine ziwani ambacho kingeweza kujaribu jambo hilo.

Waingereza walilazimika kushughulikia tatizo hilo kutoka upande wa pili. Mwezi Aprili 1915 mwindaji John Lee alipeleka London wazo la kusafirisha boti ndogo za mwendo wa kasi hadi ziwani. Zilichaguliwa boti mbili za mbao za mahogani, zenye urefu wa mita 12 na uzito wa tani 4 na nusu hivi, zikaitwa Mimi na Toutou. Kila moja ilifungwa mzinga wa Hotchkiss wa ratili 3 upande wa omo. Boti zilisafirishwa kwa bahari hadi Cape Town, kisha kwa reli, kwa kukokotwa na mashine za mvuke na ng'ombe katika milima ya Mitumba, na kwa mto, hadi zikafika Lukuga mwezi Oktoba 1915. Aliyeongoza safari hiyo ni Geoffrey Spicer-Simson.

Kabla ya safari zilijaribiwa kwenye Mto Thames mwezi Juni 1915. Kombora lilipiga shabaha, lakini mzinga ulikuwa haujafungwa sawasawa kwa bolti, ukang'oka na kutumbukia mtoni pamoja na mpigaji wake. Hesabu ya tukio hilo ni nyepesi. Kombora la kilo 1.5 likitoka kwa kasi ya mita 600 kwa sekunde huwa na momenta ya 900. Mzinga wa kilo 240 usiofungwa popote hupokea momenta hiyo peke yake na kurudi nyuma kwa karibu mita 3.75 kwa sekunde, kasi ya mtu anayekimbia. Ukifungwa barabara kwenye boti ya kilo 4,500, momenta ni ile ile, lakini kasi ya kurudi nyuma hushuka hadi mita 0.2 kwa sekunde. Kazi ya bolti ni kuufanya mzinga na boti viwe kitu kimoja.

Bolti, hata hivyo, haziondoi msukumo. Huuhamishia kwenye mbao za boti. Hapo ndipo muda unapokuwa na maana. Tuseme msukumo wa 900 unapokewa ndani ya sehemu moja ya ishirini ya sekunde: kani ya wastani ni nyutoni 18,000. Ukipokewa ndani ya sehemu moja ya mia mbili ya sekunde, kani hupanda hadi nyutoni 180,000, sawa na uzito wa tani 18 kugandamiza sakafu ya boti ya mbao. Kwa sababu hiyo sakafu za Mimi na Toutou ziliimarishwa, na mizinga yao ilitakiwa kufyatuliwa kuelekea mbele tu. Kuelekea mbele, teke lilifuata urefu wa boti, mahali kiunzi chake kina nguvu. Kuelekea ubavuni, teke lile lile lingetenda kazi juu ya usawa wa maji na kuipindua boti nyembamba, au kuzing'oa mbao zake. Kwa hiyo ili kulenga, mpigaji alihitaji boti nzima igeuzwe.

Tarehe 26 Desemba 1915 boti hizo ziliikabili meli ya mvuke ya Wajerumani, Kingani, yenye tani 45. Kingani nayo ilikuwa na mzinga wake omoni na haikuweza kupiga nyuma. Boti za Waingereza, zenye mwendo wa kasi kuliko yake, zilikaa upande ambao mzinga huo haukufika. Baada ya dakika chache kamanda wake aliuawa na meli ikasalimu amri. Ilipelekwa Kalemie, ikatengenezwa na kupewa jina Fifi. Kwa kuwa tungamo lake lilikuwa mara kumi ya lile la Mimi, ilibebeshwa omoni mzinga wa ratili 12.

Tarehe 9 Februari 1916 Fifi na Mimi zilitoka kuifukuza Hedwig von Wissmann, meli ya Wajerumani ya tani 60. Masimulizi ya pambano hilo husema kwamba Fifi ilipofyatua mzinga wake mpya, teke liliisimamisha papo hapo, na Hedwig ikapata nafasi ya kukimbia. Kisa hicho kinaweza kupimwa. Kombora la ratili 12 lina kilo 5.7 hivi. Hata kasi yake ikikadiriwa juu, mita 700 kwa sekunde, momenta ni 4,000. Tukiongeza nusu yake kwa ajili ya hewa moto ya baruti, inakuwa 6,000. Meli ya kilo 45,000 ikipokea momenta hiyo, hupoteza mita 0.13 kwa sekunde, yaani sentimita 13. Meli iliyokuwa ikienda mita 3 kwa sekunde, kiasi cha kilomita 11 kwa saa, ingehitaji zaidi ya mapigo 20 mfululizo ili isimame. Teke moja halikuweza kuisimamisha Fifi.

Kilichowezekana ni mtikisiko mkali. Msukumo wa 6,000 ukipokewa ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, kani yake ni nyutoni 60,000, sawa na uzito wa tani 6 ukiipiga meli kinyume cha mwendo wake. Aliyesimama sakafuni anajiona ametupwa mbele, na meli inatetemeka hadi chumba cha mashine. Mshtuko wa namna hiyo ni rahisi kuusimulia kuwa ni kusimama. Pia mwelekeo ulikuwa na maana: kila pigo la anayefukuza na kupiga mbele humpunguzia kasi, na kila pigo la anayekimbia na kupiga nyuma humwongezea. Tofauti ni ndogo, lakini daima humnufaisha anayekimbia.

Baada ya kufukuzana kwa muda mrefu, makombora ya mwisho ya Fifi yaliipata Hedwig. Boila ilipasuka, mabaharia kadhaa, Waafrika na Wajerumani, waliuawa, na meli ikazama. Kombora linapoingia kwenye meli na kubaki humo ni mgongano usio wa kimnyumbuko: vitu viwili vinakuwa kimoja. Momenta yote ya kombora hubaki ndani ya meli, lakini kwa tungamo la tani 60 haiwezi kuisogeza kwa kasi ya kuonekana. Kilichoivunja ni nishati, ile ya mwendo wa kombora, ya baruti iliyomo ndani yake, na ya mvuke uliokuwa umefungwa katika boila.

Hapo ndipo inapoonekana tofauti kati ya momenta na nishati ya mwendo, tofauti inayowasumbua wanafunzi wengi. Mzinga wa Fifi ulipofyatuliwa, kombora na meli vilipata momenta sawa, 4,000 kila upande, tukiiacha hewa moto nje ya hesabu. Lakini nishati ya mwendo ni nusu ya tungamo ikizidishwa kwa kipeo cha pili cha kasi. Kombora liliondoka na jouli zipatazo 1,400,000. Meli, kwa kurudi nyuma, ilipata jouli 180 hivi. Kwa momenta iliyo sawa, kitu chepesi huchukua karibu nishati yote. Kwa sababu hiyo mpigaji hubaki salama na anayepigwa huangamia, ingawa wote wawili wamepata msukumo wa ukubwa mmoja.

Hatima ya Götzen haikuamuliwa kwa mzinga. Majeshi ya Kibelgiji yalipokaribia Kigoma, Wajerumani waliizamisha wenyewe tarehe 26 Julai 1916, baada ya mafundi kuzipaka mashine zake grisi nzito ili zisiliwe na kutu. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwezi Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ikibeba abiria na mizigo kati ya Kigoma na bandari za kusini hadi Mpulungu, Zambia.

Katika kazi hiyo ya amani kanuni zile zile ziliendelea kuhitajika. Meli ya kilo 1,000,000 inayosogelea gati kwa sentimita 10 tu kwa sekunde ina momenta ya 100,000, sawa na mashua ya tani moja ikienda mita 100 kwa sekunde. Ikisimamishwa na zege katika sehemu moja ya kumi ya sekunde, kani ni nyutoni 1,000,000. Ikisimamishwa na matairi makuukuu yanayobonyea kwa sekunde 2, kani hushuka hadi nyutoni 50,000. Vijiji vingi vya mwambao havina gati, na huko Liemba ilikuwa ikisimama mbali kidogo na ufuko huku mashua zikiifuata kuchukua abiria na magunia. Mashua inayofika ubavuni mwake kwa kasi haiwezi kuisogeza meli. Momenta yake yote hubadilishwa kwenye mbao zake yenyewe. Wajuzi wa kazi hiyo huzima injini mapema, huiacha mashua ipoteze kasi majini, kisha humalizia kwa kamba na kwa mikono. Kwa kufanya hivyo huongeza muda na kupunguza kani.