Nani Mwenye Kuitaja Siku ya Kura?

Tangu Februari 2008, alipokabidhiwa Uwaziri Mkuu Mizengo Pinda, mwana wa Kibaoni aliyependa kujiita mtoto wa mkulima, hata ulipowadia mwisho wa muhula wake mwaka 2015, nimewasikia watu wa Mpanda, barazani na sokoni, wakinena kana kwamba siku ya uchaguzi imo mfukoni mwake, akipenda huitoa na asipopenda huificha. Dhana hiyo haikuzuka bure. Ina asili yake, na asili yenyewe yatoka mbali.

Huko Uingereza, kwa desturi ya miaka mingi, Waziri Mkuu alikuwa na idhini ya kumwendea mfalme au malkia na kumwomba Bunge livunjwe kabla muda wake haujakwisha, saa yoyote aonayo kwamba upepo wavuma upande wa chama chake. Ndiyo maana magazeti ya London yakawa, kila baada ya miaka mitatu minne, hayana kazi kubwa kuliko kubashiri mwezi na juma. Mwaka 2011 Bunge lao liliifunga ruhusa hiyo kwa sheria, na mwaka 2022 likaifungua tena.

Mila hiyo tuliirithi sisi nasi. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, katiba yake ilimweka Gavana Mkuu, Sir Richard Turnbull, badala ya Malkia, naye aghalabu atende kwa shauri la Waziri Mkuu. Mwalimu Julius Nyerere aliishika nafasi hiyo kwa majuma sita tu baada ya uhuru, kisha tarehe 22 Januari 1962 akajiuzulu ili akakijenge chama chake cha TANU, akamwachia Rashidi Kawawa. Na ilipofika 9 Desemba 1962 nchi ikawa Jamhuri, mambo yakageuka, uwezo huo ukahamia kwa Rais. Katika mwaka ule mmoja hakuna aliyekuwa na haja ya kuliita taifa kwenye uchaguzi wa Bunge, maana Bunge lenyewe lilikuwa limechaguliwa Agosti 1960, TANU ikatwaa viti 70 kati ya 71, na katika hivyo 58 bila ya mpinzani. Na ile kura ya Novemba 1962 ilikuwa ya kumpata Rais. Hivyo uwezo ambao watu wa Mpanda walidhani Pinda anao, waliutangulia kuwa nao wawili tu katika historia yetu, wala hapana aliyeutumia.

Jirani zetu wa Kenya waliujua uchungu wa jambo hili kuliko sisi. Rais Daniel arap Moi, mwaka 1992, aliiita tarehe ya uchaguzi silaha yake ya siri, na wapinzani wake wakakesha wakikisia mpaka kura ikapigwa tarehe 29 Desemba. Miaka 20 baadaye, ilhali katiba mpya ya 2010 imekwisha kuitaja Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, uchaguzi wa kwanza chini yake ulizua mzozo: Mahakama Kuu iliamua Januari 2012 kwamba Rais Mwai Kibaki na Waziri Mkuu Raila Odinga waweza, kwa mapatano ya maandishi, kuuvunja muungano wao na kuiharakisha kura, la sivyo ingojewe hadi Bunge limalize muda wake. Wawili hao hawakupatana, na kura ikaangukia 4 Machi 2013.

Amma kwetu, Rais ndiye alivunjaye Bunge na Tume ya Uchaguzi ndiyo itajayo siku. Lakini siku iliyotajwa nayo yaweza kusogea. Mwaka 2005 kura ilikuwa iwe 30 Oktoba, siku chache kabla akafariki Jumbe Rajab Jumbe, mgombea mwenza wa Chadema, na kwa sharti la sheria Tanzania Bara ikangoja mpaka 14 Desemba. Majuma sita hayo, kwa mtu wa Dar es Salaam, ni kurasa tu za kalenda. Huku kwetu Mpanda, wakati huo ikiwa bado sehemu ya Rukwa, mvua hushika Novemba, mbuga hujaa maji, barabara za udongo hukatika, na kila mwenye nguvu yumo shambani na jembe, kwani siku moja ya kupanda ikipotea hairudi. Hata hivyo watu walikwenda vituoni, na jimbo la Mpanda Kati likamchagua Said Arfi wa Chadema. Sijapata kuona heshima ya kura iliyozidi ile.

Basi ukaja mwaka 2015. Mkoa wetu wa Katavi, ambamo sasa imo Mpanda, ulikuwa na umri wa miaka mitatu. Na huko Katumba na Mishamo, maelfu ya waliokimbia Burundi mwaka 1972, pamoja na wana wao waliozaliwa hapa, walikuwa ndio kwanza wamepewa hati za uraia, wakiitazamia kura yao ya kwanza ya nchi. Serikali ilikuwa imekwisha kupanga kura ya maoni juu ya Katiba Inayopendekezwa iwe 30 Aprili. Februari Pinda alizindua Makambako uandikishaji wa wapiga kura kwa mashine mpya. Lakini kazi ilikwenda polepole, watu wakaanza kubashiri kwamba hata uchaguzi wa Oktoba utaahirishwa. Tarehe 2 Aprili, Jaji Damian Lubuva, Mwenyekiti wa Tume, akatangaza kwamba kura ya maoni haitafanyika siku ile. Waziri Mkuu kutoka Katavi hakuwa mwenye kuitaja siku wala mwenye kuiondoa. Uchaguzi mkuu haukusogea; ulifanyika Jumapili, 25 Oktoba, kabla mvua hazijashika.

Nami nawasihi wenye dhamana ya kalenda ya uchaguzi: maadamu sheria imewapa nafasi ya kuchagua siku, Desemba wawaachie wakulima wa Mlele, Mishamo na Karema.