Takwimu: Wastani wa Embu na hadaa yake

WASTANI ndiyo hesabu ya kwanza anayofunzwa mwanagenzi wa takwimu, na ndiyo impotoshayo upesi. Katika sensa ya 2019, Kaunti ya Embu ilikuwa na watu 608,599, wastani wa 216 kwa kilomita mraba. Meru 1,545,714, wastani wa 221. Asiyeijua Embu angedhani watu wametawanyika sawasawa. Kumbe Manyatta, penye majani chai na kahawa, familia husongamana kwenye vishamba vya miteremko ya Mlima Kenya, ilhali katika ukame wa Mbeere boma moja liko mbali na jingine. Anayepanga zahanati kwa wastani huo humwacha mgonjwa wa Mbeere akitembea mwendo mrefu.

Dawa ni kutenganisha kwanza. Vivyo hivyo, anayejaribu mbegu kwenye mteremko huligawa shamba kwa vitalu, kila kimoja katika kimo chake, kisha mbegu hupangiwa vipande kwa kura.

Kosa la hapo halirekebishwi na programu yoyote. SPSS ina menyu nyepesi kwa mwanagenzi, lakini leseni yake hulipiwa. R, iliyobuniwa New Zealand na Ross Ihaka na Robert Gentleman, ni ya bure, ingawa humlazimu mwanafunzi kuandika amri mwenyewe.