Vyombo ni vya Nani? Hoja Kuhusu Bendi za Miji Midogo

Watu wakiulizwa kwa nini Githongo, mji mdogo wa Kaunti ya Meru nchini Kenya, haina bendi yake, wengi husema vijana hawapendi tena muziki wa ala, au wenye vipaji wote wamekimbilia Nairobi. Sikubaliani nao. Bendi hukaa mahali ambapo vyombo vina mwenyewe asiyehama, na huko Meru ya Kati mwenyewe huyo hajapatikana.

Mfano ulio wazi ni wa Dar es Salaam. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi cha NUTA, nacho ndicho kilichomiliki magitaa, ngoma na vipaza sauti, na kuwalipa wanamuziki mshahara. Chama kilipogeuka kuwa JUWATA, kisha OTTU, bendi iligeuza jina pamoja nacho. Leo tunaijua kama Msondo Ngoma. Mwaka 1978 mwimbaji Muhidin Gurumo aliiacha akajiunga na Mlimani Park, bendi mpya ambayo baadaye ilichukuliwa na shirika la maendeleo la jiji. Pigo lilikuwa kubwa, kwa kuwa sauti yake ilikuwa nusu ya sifa ya bendi. Hata hivyo vyombo vilibaki ukumbini, wakaja waimbaji wengine, na baada ya miaka Gurumo mwenyewe akarudi.

Morogoro inaitikisa hoja hii, na ni haki kuieleza. Wanamuziki Salum Abdallah wa bendi ya Cuban Marimba na Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz waliufanya mji wa mkoani ushindane na Dar es Salaam bila shirika kubwa nyuma yao. Salum alipofariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, Juma Kilaza aliishika Cuban Marimba ikaendelea. Nadhani siri ilikuwa mishahara: reli na mashamba ya mkonge yaliwapa watu wa Morogoro fedha za mwisho wa mwezi, na kiingilio cha dansi kikalipika.

Fedha za namna hiyo Githongo zipo. Wakulima wanaopeleka majani kwenye kiwanda cha chai cha Githongo hulipwa kila mwezi, kisha bonasi mara moja kwa mwaka. Sehemu ya fedha hizo huishia baa, ambako Jumamosi usiku mtu mmoja huketi na kinanda chenye mdundo na besi zilizorekodiwa tayari, akaimba Kimeru, akarukia Kikuyu, wateja wakamtuza noti. Simdharau hata kidogo. Anafanya kazi ya watu sita. Lakini mwenye baa humwita yeye kwa sababu ana chombo chake na malipo yake ni ya mtu mmoja. Kijana mpiga besi, hata awe hodari vipi, hana pa kujifunzia kusikilizana na mpiga ngoma.

Mwenyewe wa vyombo anaweza kupatikana kupitia kaunti. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inaziachia kaunti leseni za vileo na pia shughuli za utamaduni, zote chini ya kipengele kimoja. Kaunti ya Meru hukusanya ada kutoka baa hizo hizo. Itenge sehemu ya ada hiyo inunue seti moja kamili ya vyombo, ivikabidhi kwa kamati ya wenyeji wa Githongo, na wanamuziki walipwe kutokana na viingilio.