Tajini ya samaki

Tajini ya samaki ni mlo wa Moroko wa samaki na mboga unaoiva taratibu kwa mvuke wake wenyewe. Tajini ni chungu cha udongo chenye kifuniko cha umbo la pia, na pia chakula kinachopikwa humo. Mlo huu umeenea katika miji ya pwani ya Atlantiki kama Essaouira, Agadir na Safi, mji mashuhuri kwa ufinyanzi.

Ladha yake hutokana hasa na chermoula, mchanganyiko wa majani ya giligilani, kitunguu saumu, bizari nyembamba, unga wa pilipili tamu, maji ya limau na mafuta ya zeituni. Samaki hulowekwa humo kabla ya kupikwa. Chini hutandazwa karoti au viazi ili samaki asigande. Juu huwekwa nyanya, pilipili hoho, zeituni na vipande vya limau lililohifadhiwa kwa chumvi.

Nyumbani, bakuli la oveni lililofunikwa vizuri hutosha badala ya chungu cha tajini. Viazi hutangulizwa, kwani huchelewa kuiva kuliko samaki. Chungu cha udongo kikiwa baridi hakiingizwi katika oveni ya moto, kwa kuwa huweza kupasuka. Mlo huu huliwa kwa mkate.