Kutoka Mbiu hadi Fuwele: Historia ya Redio na Elimu ya Kuiunda

Wahenga wetu walisema, "Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo." Katika miji ya pwani mpiga mbiu alipita njiani na pembe yake, na watu wakaacha kazi wasikilize habari iliyoletwa. Huko bara ngoma ilifanya kazi iyo hiyo: palikuwa na mlio wa msiba, mlio wa vita na mlio wa kuwaita watu shambani. Vyombo hivi vyote vilikuwa na mpaka mmoja. Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa mita 340 hivi kwa sekunde, nayo hufifia na kutoweka baada ya kilomita chache. Habari iliyotaka kufika mbali zaidi ilibidi ibebwe na miguu ya mtu.

Lakini mbiu na ngoma vilikuwa na sifa moja ambayo yafaa tuikumbuke. Kila aliyezisikia alijua zimetengenezwaje. Pembe ilitoka kwa mnyama aliyemjua, na ngoma ilichongwa na fundi aliyeishi jirani naye. Redio haikuja kwetu hivyo. Ilikuja ikiwa sanduku lililofungwa, na kwa muda mrefu wengi wetu tumejua kulifungua na kulizima tu. Makala haya yanakusudia kueleza historia ya chombo hiki, namna kilivyofika katika nchi zetu, na jinsi mwanafunzi awezavyo kukiunda kwa mikono yake mwenyewe.

Yafaa kuanza na wimbi lenyewe. Ukitupa jiwe katika bwawa, viwimbi huenea pande zote, ingawa maji yenyewe hayasafiri; kipande cha kijiti kielеacho hapo hupanda na kushuka pale pale. Kinachosafiri ni mtikiso. Wimbi la redio nalo ni mtikiso, lakini si wa maji wala wa hewa, bali wa nguvu za umeme na sumaku. Umeme unapokwenda mbele na kurudi nyuma upesi katika waya, mtikiso wake huachana na waya na kuenea angani kwa mwendo wa nuru, yaani kilomita 300,000 hivi kwa sekunde. Kadiri umeme unavyotetema upesi zaidi, ndivyo wimbi linavyokuwa fupi zaidi. Ukitetema mara 1,000,000 kwa sekunde, urefu wa wimbi ni mita 300, nalo ni wimbi la masafa ya kati. Ukitetema mara 10,000,000, wimbi ni la mita 30, yaani la masafa mafupi; hilo huweza kupanda juu, kurudishwa na tabaka la anga lenye chembe za umeme, na kushuka tena katika nchi ya mbali.

Mawimbi haya yalijulikana kwa hesabu kabla ya kuonekana kwa vitendo. James Clerk Maxwell, mtaalamu wa Scotland, alionyesha katika miaka ya 1860 kwamba nuru yenyewe ni wimbi la umeme na sumaku, na kwamba yaweza kuwapo mawimbi mengine ya namna hiyo yasiyoonekana kwa macho. Alifariki mwaka 1879 kabla ya kuthibitishwa. Ndipo Heinrich Hertz, katika mji wa Karlsruhe huko Ujerumani, alipofanya majaribio yake kati ya miaka ya 1886 na 1888. Alirusha cheche za umeme upande mmoja wa chumba, akaona vicheche vidogo sana vikiruka katika pete ya waya upande wa pili, ingawa vyombo hivyo viwili havikuunganishwa na kitu chochote. Hertz naye alifariki akiwa bado kijana, mwaka 1894, akiwa na umri wa miaka 36. Jina lake limebaki katika kipimo cha mitetemo ya mawimbi.

Baada yake wengi walishika kazi hiyo. Oliver Lodge aliifanya Uingereza, na Alexander Popov akaifanya Urusi. Huko Calcutta, katika India iliyokuwa chini ya utawala wa Waingereza, mwalimu wa chuo aitwaye Jagadish Chandra Bose alionyesha mbele ya watu mwaka 1895 kwamba mawimbi hayo hupenya kuta na kuweza kupiga kengele upande wa pili. Walimu wetu wasimpite haraka mtu huyu. Hakuwa na maabara kubwa, na vyombo vyake alivitengenezea huko huko nyumbani kwao akisaidiwa na fundi wa bati. Mwaka 1904 alipewa hataza ya Marekani kwa chombo cha kunasia mawimbi kilichotumia fuwele ya galena, yaani madini ya risasi na salfa. Basi fuwele hiyo, ambayo tutaikuta tena hapa chini, ilitiwa katika elimu ya redio na mwananchi wa nchi iliyotawaliwa.

Aliyefanya biashara kubwa kutokana na mawimbi ni Guglielmo Marconi wa Italia. Tarehe 12 Desemba 1901, akiwa Newfoundland upande wa pili wa bahari ya Atlantiki, alitangaza kwamba amesikia herufi moja, S, iliyotumwa kutoka Cornwall, Uingereza. Mwaka 1909 yeye na Mjerumani Ferdinand Braun waligawana Tuzo ya Nobel. Tangu hapo mataifa makubwa yalielewa kwamba anayetawala mawimbi anaweza kuamrisha meli na majeshi yaliyo mbali naye.

Kwa sababu hiyo chombo hiki kilipofika Afrika ya Mashariki hakikuja kumburudisha mtu wala kumfundisha. Kilikuja kuwa chombo cha utawala na vita. Wajerumani walijenga vituo vya simu ya upepo Dar es Salaam, Mwanza na Bukoba, na huko Kamina, Togo, wakajenga kituo kikubwa cha kuunganisha makoloni yao na Berlin. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza, vituo hivyo vilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kushambuliwa. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari za Kiingereza zilipiga mizinga Dar es Salaam, na shabaha yao ilikuwa kituo cha simu ya upepo. Mwezi huo huo Wajerumani wenyewe waliubomoa mtambo wa Kamina usitekwe. Mwezi Juni 1915 majeshi ya Kiingereza yalivuka Ziwa Viktoria kutoka Kisumu, yakaishambulia Bukoba kwa siku mbili, yakaulipua mnara wa simu ya upepo, na mji ukaporwa. Watu wa Bukoba hawakuwa na habari wala amri yoyote iliyopita katika mnara ule. Hata hivyo nyumba zao zilivunjwa kwa sababu yake.

Kisa kingine cha vita hivyo kinaonyesha uwezo wa mawimbi. Mwezi Novemba 1917 chombo kikubwa cha angani cha Kijerumani, kilichoitwa L59, kiliondoka Bulgaria kikiwa na dawa na risasi za kupeleka kwa Jenerali Lettow-Vorbeck huku kwetu. Kilivuka Misri na kuingia Sudan. Tarehe 23 Novemba, kikiwa jirani na Khartoum, kilipata ujumbe wa simu ya upepo ukikiamuru kirudi. Kikageuka, kikarejea kilikotoka baada ya kukaa angani muda wa saa 95 bila kutua. Maneno machache yasiyobebwa na mtu yeyote yaliweza kugeuza safari ya bara zima.

Utangazaji wa sauti ulianza Nairobi mwaka 1928, lakini ulikusudiwa walowezi. Kwa Mwafrika wa kawaida kizuizi hakikuwa lugha peke yake, bali na bei ya chombo. Mwaka 1949 katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, ilianza kuuzwa redio ndogo ya betri kwa paundi 5, ambayo watu waliiita redio ya sufuria kwa sababu ya umbo la ganda lake. Mwaka 1951 kituo cha utangazaji kilianzishwa Dar es Salaam. Transista, iliyovumbuliwa Marekani mwaka 1947, ilipoanza kutiwa katika redio za kubebeka kuanzia mwaka 1954, chombo kilichokuwa cha tajiri kiliingia polepole katika nyumba ya mkulima.

Baada ya Uhuru redio ilibadilishiwa kazi. Mwaka 1965 ilianza kuitwa Redio Tanzania Dar es Salaam, na mitambo yake ikawapa nafasi wapigania uhuru wa Msumbiji, Namibia, Zimbabwe na Afrika Kusini kuzungumza na wananchi wao. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya vijijini, wakasikiliza kwa pamoja, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Mnara ambao zamani ulileta mizinga sasa ulileta somo.

Hata hivyo swali letu la mwanzo halijajibiwa. Katika historia hii yote, mwananchi alikuwa msikilizaji. Alipewa amri na mkoloni, kisha akapewa elimu na taifa lake, lakini sanduku lenyewe lilibaki limefungwa. Falsafa ya Elimu ya Kujitegemea, iliyotolewa mwaka 1967, ilitaka shule isimfundishe kijana kukariri tu, bali imwezeshe kufikiri na kutenda. Kwa somo la mawimbi, hapana tendo linalofaa kuliko kuunda redio ya fuwele, kwa kuwa redio hiyo haihitaji betri wala umeme wa ukutani. Nguvu inayoitikisa sauti yake hutoka katika wimbi lenyewe.

Sehemu zake ni tano tu. Ya kwanza ni waya wa kunasia mawimbi, wenye urefu wa mita 20 hadi 30, uliotandazwa juu kati ya miti miwili. Ya pili ni waya wa ardhini, uliofungwa kwenye kipande cha bomba la chuma kilichopigiliwa katika udongo wenye unyevu. Ya tatu ni koili: chukua mwanzi au kopo la plastiki lenye upana wa sentimita 7 hivi, ulizungushie waya wa shaba uliopakwa rangi ya kuzuia umeme, mizunguko 60 iliyobanana, kisha uiunganishe na kapasita ya kuzungusha iliyotolewa katika redio mbovu ya zamani. Ya nne ni fuwele, au dayodi ya jamaa ya germanium ambayo ndiyo mrithi wake. Ya tano ni kisikilizio cha sikioni cha aina ya fuwele. Vile vya kawaida vya simu havifai, kwa kuwa hunywa umeme mwingi mno. Koili na kapasita huungwa sambamba kati ya waya wa juu na waya wa ardhini. Dayodi hutoka kwenye ncha ya juu ya koili kwenda kwenye kisikilizio, na mguu wa pili wa kisikilizio hurudi ardhini.

Mwanafunzi asiridhike na kusikia tu. Aulize kila sehemu inafanya nini. Waya wa juu hunasa mawimbi ya vituo vyote kwa pamoja. Koili na kapasita huchagua kimoja, kama vile bembea inavyokubali kusukumwa kwa mwendo wake yenyewe na kukataa mwingine. Lakini umeme uliochaguliwa bado hutetema mara laki nyingi kwa sekunde, ukienda mbele na kurudi kwa kipimo sawa, na sikio haliwezi kuufuata. Hapo ndipo fuwele inapofanya kazi yake. Ni kama mlango unaofunguka upande mmoja tu: huruhusu umeme kwenda na kuuzuia kurudi. Kinachobaki hupanda na kushuka kwa kufuata sauti ya mtangazaji, na kisikilizio huitoa sauti hiyo. Askari waliozingirwa Anzio, Italia, mwaka 1944 walifanya mlango huo kwa wembe na kipande cha risasi ya penseli, wakasikia muziki ndani ya mahandaki.

Mwalimu asisitize mambo mawili ya usalama. Waya usipitishwe kamwe karibu na nyaya za umeme wa nguvu, na mvua ya radi inapokaribia kila mtu auache waya huo na atoke penye chombo. Tena atambue kwamba redio hii husikia vizuri kituo cha masafa ya kati kilicho jirani tu. Vituo vya namna hiyo vinapungua duniani. Ujerumani, kwa mfano, idhaa yake ya taifa ilizima mitambo ya masafa ya kati mwishoni mwa mwaka 2015. Mahali ambapo hakuna kituo, darasa laweza kuunda kitoa mawimbi kidogo sana cha mezani kwa ruhusa ya mamlaka inayohusika, au kujaribu usiku, wakati mawimbi ya masafa ya kati yanapofika mbali zaidi.

Pengine kijana atauliza ya nini kujisumbua na fuwele, naye ana simu mfukoni. Lakini simu hiyo nayo ni redio: hutoa mawimbi na kuyapokea, nayo hutii kanuni zile zile za Maxwell na Hertz. Tofauti ni kwamba ndani yake hamna kinachoonekana. Katika redio ya fuwele kila kitu kiko wazi juu ya ubao. Mwanafunzi aliyezungusha koili kwa mkono wake, akasikia sauti ya mtu ikitoka katika kitu kisicho na betri, hatalitazama tena sanduku lolote kama muujiza wa wageni. Atajua kwamba limetengenezwa na watu, na kwamba kilichotengenezwa na watu yeye naye anaweza kukijifunza, kukitengeneza kinapoharibika, na siku moja kukibuni upya.