Kikulacho Ki Nguoni Mwako: Habari ya Homa ya Baridi Yabisi

Msomaji, bila shaka umepata kuumwa na koo. Siku mbili tatu ulimeza mate kwa shida, homa ikakupanda, kisha ukapona ukarudi darasani na mchezoni. Ni nani atakayedhani kwamba maradhi madogo kama hayo yaweza, baada ya majuma mawili au matatu, kuudhuru moyo wa mtoto kwa umri wake wote? Matabibu walihangaika na fumbo hilo kwa muda mrefu. Na tuifuate njia waliyoipita, maana mna faida ya elimu na faida ya afya yako mwenyewe.

Mwaka 1686 tabibu wa Uingereza, Thomas Sydenham, aliandika habari za watoto ambao mikono na miguu yao ilirushwa huku na huku pasipo hiari yao, kana kwamba wanacheza ngoma wasiyoisikia wengine. Hakujua chanzo chake. Mwaka 1812, mjini London, William Charles Wells alieleza habari za wagonjwa ambao baridi yabisi ya viungo iliandamana na ugonjwa wa moyo. Mwaka 1816 Mfaransa Laennec alibuni chombo cha kusikilizia kifua, na kwa elimu hiyo ya kusikiliza Jean-Baptiste Bouillaud wa Paris alionyesha, mwaka 1836, kwamba maumivu makali ya viungo na maradhi ya moyo ni ndugu. Ndugu wakajulikana, lakini mzazi wao akabaki amefichika.

Karibu miaka 100 ikapita. Mwaka 1931 Alvin Coburn huko New York na William Collis huko London, kila mmoja kwa kazi yake, walionyesha kwamba homa hii hufuata koo lililoshambuliwa na vijidudu viitwavyo streptokoki, ambavyo chini ya darubini huonekana vimeshikana kama shanga katika uzi. Mwaka 1933 Rebecca Lancefield alivigawa vijidudu hivyo kwa makundi, na kundi la A likatambulika kuwa ndilo lenye lawama.

Hapo fumbo likazidi. Ugonjwa ulikuja baada ya koo kupona, na matabibu walipochunguza viungo vilivyovimba na moyo ulioumia, hawakuvikuta vijidudu. Mwizi hayumo nyumbani, lakini vyombo vinavunjika. Anayevivunja ni nani?

Jibu lilichelewa kwa kuwa lilipingana na imani ya wakati ule. Mwanzoni mwa karne ya 20, Paul Ehrlich wa Ujerumani, mmoja wa mabingwa wa elimu ya kinga, alifundisha kwamba mwili huchukia kujidhuru na una njia za kujizuia usijipige. Wengi walilishika neno hilo kama sheria, wasitazame upande wa pili. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1960, Melvin Kaplan wa Marekani alionyesha kwamba kingamwili zinazoshika streptokoki huweza pia kushika nyama ya moyo wa mwanadamu.

Yawezekanaje? Fikiri kijiji kilichovamiwa na wezi waliovaa kofia nyekundu. Walinzi wakaamriwa kumpiga kila avaaye kofia hiyo. Wezi wakashindwa, lakini kijijini humo mna wazee wema ambao tangu zamani huvaa kofia zinazofanana nazo, na walinzi wakawageukia. Ndivyo ilivyo mwilini. Kingamwili haiijui nia ya adui. Huijua alama yake tu. Juu ya streptokoki mna protini iitwayo M, ambayo sehemu zake zafanana na miosini, protini iliyomo katika misuli ya moyo. Silaha iliyofuliwa kwa ajili ya kijidudu huangukia moyo, hasa vali, yaani milango inayozuia damu isirudi nyuma. Nyingine hushika seli za ubongo, na hivyo ile ngoma ya watoto wa Sydenham ikapata maelezo. Wataalamu huuita ufanano huu mwigo wa molekuli. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hapa kilikuwa ndani zaidi ya nguo.

Usiogope kupita kiasi. Makoo mengi huumwa kwa sababu ya virusi, na hata kati ya wanaopatwa na streptokoki ni wachache tu wafikwao na homa hii. Asili ya mtu na maisha ya msongamano huongeza hatari, na umri unaoshambuliwa zaidi ni miaka 5 hadi 15, yaani umri wa shule.

Tena dawa ipo. Katika kambi ya jeshi huko Wyoming, Marekani, askari wenye koo la streptokoki waligawanywa mafungu mawili ya watu wapatao 800 kila moja. Habari iliyotolewa mwaka 1950 ilisema kwamba katika fungu lisilopewa penisilini 17 walipata homa ya baridi yabisi. Katika lililopewa, 2 tu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu ni ghali: sindano kila majuma matatu au manne kwa miaka mingi, pengine na kupasuliwa moyo.

Hata hivyo ugonjwa huu haujaisha, na Afrika ni miongoni mwa mahali unapodhuru vijana wengi. Mwaka 2018 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulizitaka nchi ziukabili. Nawe unayo sehemu yako. Koo likikuuma pamoja na homa, mwambie mzazi au mwalimu, ukapimwe na mganga wa zahanati. Ukipewa dawa, imalize hata kama maumivu yamekwisha. Koo hupona kwa juma moja, lakini vali iliyoharibika haijirudii yenyewe.