Nani aliyeweka kalori 1,200?

Mwanamke anayetaka kupunguza mwili akiuliza ale kiasi gani kwa siku, jibu linalomfikia mara nyingi ni lile lile: kalori 1,200. Atalisikia kwa mwalimu wa mazoezi, atalikuta kwenye simu, atatumiwa na shoga yake kwenye kundi la WhatsApp likiwa limeshapangwa asubuhi, mchana na jioni. Haulizwi uzito wala urefu. Haulizwi umri, wala kama ananyonyesha, wala kama kutwa nzima anashinda amesimama sokoni. Namba hiyo ina historia ya zaidi ya miaka mia moja, na ukiifuatilia unaona kwamba hakuna aliyeipima kwa ajili yake.

Aliyeieneza zaidi ni daktari wa California, Lulu Hunt Peters. Alizaliwa mwaka 1873 katika jimbo la Maine, akapata shahada ya udaktari Chuo Kikuu cha California mwaka 1909, enzi ambazo madaktari wanawake Marekani walikuwa wachache. Unene ulikuwa jambo lake mwenyewe: alipata kufikia kilo 100, akazipunguza kwa karibu kilo 30. Mwaka 1918 akatoa kitabu, *Diet and Health: With Key to the Calories*, kidogo, chenye lugha ya uchangamfu na michoro iliyochorwa na mpwa wake aliyekuwa bado mtoto. Aliwafundisha wasomaji waache kufikiria kipande cha mkate na waanze kufikiria kalori za mkate, na anayetaka kupungua alimwelekeza abaki kwenye 1,200 kwa siku.

Wakati ule ulimsaidia. Marekani ilikuwa imeingia vitani Aprili 1917, Herbert Hoover akasimamia idara ya chakula ya serikali, na wananchi wakahimizwa kubana matumizi ili askari na washirika wa Ulaya wapate. Peters aliunganisha waziwazi kubana huko na kupunguza mwili. Kuhifadhi mafuta mwilini, kwake, kulifanana na kuficha nafaka ghalani wakati wengine wana njaa, na aliwahimiza wanawake waanzishe vikundi vya kupima uzito wao kama mchango wa kumshinda mfalme wa Ujerumani. Vita viliisha, kitabu hakikuisha. Kiliongoza mauzo ya vitabu visivyo vya hadithi Marekani mwaka 1924 na tena 1925, na hatimaye nakala zake zilifika milioni 2. Simlaumu Peters. Alichukua maarifa yaliyokuwa yamefungiwa maabara akayaweka mikononi mwa mama wa nyumbani. Tatizo ni kwamba namba moja, iliyoandikwa kwa urahisi wa kukumbukwa, iliendelea kuishi bila maswali yaliyopaswa kuandamana nayo.

Maarifa yenyewe yalikuwa na chanzo tofauti kabisa na unene. Katika majira ya baridi ya 1782 na 1783, Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace walimweka simbilisi ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu mjini Paris, wakapima maji yaliyoyeyuka. Walionyesha kwamba mnyama anayepumua anazalisha joto kwa namna inayofanana na mkaa unaoungua. Miaka kumi na kitu baadaye, 1794, Lavoisier alikatwa kichwa katika mapinduzi ya Ufaransa, lakini wazo lake lilibaki: mwili unaunguza chakula, na joto linaweza kupimwa. Neno kalori lenyewe lilitumiwa na Nicolas Clément katika mihadhara yake Paris kati ya 1819 na 1824. Kalori tunayoitaja mezani, ambayo wanasayansi huiita kilokalori, ni joto linalotosha kupandisha lita moja ya maji kwa nyuzi 1 ya Selsiasi.

Aliyeileta hesabu hii hadi kwenye sahani ya mtu wa kawaida ni Wilbur Olin Atwater, mkemia wa Chuo Kikuu cha Wesleyan, mjini Middletown, Connecticut. Miaka ya 1890, akishirikiana na mwanafizikia Edward Bennett Rosa, alijenga katika ghorofa ya chini ya chuo chumba kidogo sana, urefu wake mita mbili na kidogo, upana mita moja na kidogo. Kuta zake zilikuwa za metali ndani ya mbao, na maji yalizunguka kwenye mabomba kubeba joto lote alilotoa mtu aliyekuwa ndani. Mtu huyo alikaa humo kwa siku kadhaa. Alilala kwenye kitanda cha kukunjwa, akala chakula kilichopimwa na kupitishwa kidirishani, akafanya kazi ya misuli, na kila alichokula, alichopumua na alichotoa kilipimwa. Joto lililotoka na nguvu iliyoingia vililingana kwa tofauti isiyofika asilimia 1. Nikisoma habari za chumba hicho nastaajabia uvumilivu wa watu wale, aliyepima na aliyepimwa.

Kazi hiyo pamoja na uchambuzi wa mamia ya vyakula ndiyo iliyotupa namba tatu zinazotumika hadi leo: gramu moja ya wanga au ya protini ina kalori 4, gramu moja ya mafuta ina 9. Ukifungua majedwali ya vyakula ya Tanzania yaliyotolewa mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Chuo Kikuu cha Harvard, hesabu ya nguvu iliyomo kwenye ugali, mchicha au maharage bado imesimama juu ya msingi wa Atwater.

Lakini Atwater hakuwa akitafuta njia ya kupungua. Shida aliyoiona ni mfanyakazi mwenye mshahara mdogo, na swali lake lilikuwa: kwa fedha aliyonayo, anunue nini apate nguvu ya kutosha? Mwanamume mwenye kazi ya wastani alimwekea kalori zipatazo 3,500 kwa siku. Kwa mizani hiyo, mboga za majani na matunda zilionekana anasa kwa maskini, maana zina maji mengi na kalori chache. Vitamini zilikuwa hazijajulikana. Atwater alifariki mwaka 1907, miaka mitano kabla Casimir Funk hajazipa jina. Kwa hiyo tangu mwanzo kipimo hiki kilikuwa na upofu wake. Kinajua nguvu iliyomo katika chakula, hakijui kingine chochote.

Jaribio lililopaswa kututia hofu juu ya kula kidogo mno lilifanyika Minnesota. Novemba 1944, mwanafiziolojia Ancel Keys aliwakusanya vijana 36 waliokataa kubeba silaha kwa ajili ya dhamiri zao, akawaweka chini ya majukwaa ya uwanja wa michezo wa chuo kikuu. Walijitolea kukaa na njaa ili ulimwengu ujue jinsi ya kuwalisha watu wa Ulaya waliokuwa wakidhoofika kwa vita. Kwa wiki 12 walikula kawaida, kalori kama 3,200. Kisha kwa wiki 24 wakapewa takriban 1,570 za viazi, tanipu, mkate na makaroni, huku wakitakiwa kutembea kilomita 35 kila wiki.

Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Mapigo ya moyo yakapungua, miguu ikavimba, wakahisi baridi hata jua lilipowaka. Nguvu ambayo miili yao iliitumia ikiwa imepumzika ilishuka kwa karibu asilimia 40, na kushuka huko kulizidi kile ambacho kupungua kwa mwili peke yake kungeeleza: mwili ulikuwa umeanza kubana. Mabadiliko ya nafsi yalikuwa makubwa zaidi. Vijana waliokuwa na mambo mengi ya kuzungumza wakabaki kuzungumzia chakula. Walisoma vitabu vya mapishi usiku, walilamba sahani, walitafuna ubani kutwa. Mmoja alijikata vidole vitatu kwa shoka. Lishe ilipoongezwa tena, kiasi cha kawaida hakikutosha kuwarudisha. Keys aliona walihitaji kama kalori 4,000 kwa siku ili mwili ujijenge upya.

Ni kweli vijana hawa walikuwa wembamba tangu mwanzo na walitembea sana, kwa hiyo hatuwezi kuwalinganisha moja kwa moja na mama mnene anayekaa ofisini. Hata hivyo nashindwa kuelewa jinsi kiasi ambacho kitabu cha Keys cha mwaka 1950 kilikiweka chini ya jina la njaa kinavyoweza kuwa juu ya kile kinachogawiwa kwenye simu kama ushauri wa afya.

Mwaka 1958 ikazaliwa kanuni nyingine iliyoshika akili za watu. Daktari wa New York, Max Wishnofsky, alikokotoa kwamba ratili moja ya uzito, ambayo ni karibu nusu kilo, ni sawa na kalori 3,500. Punguza 500 kila siku, basi, na kila wiki ratili moja itaondoka. Ni hesabu ya daftari la duka: toa hapa, andika pale. Ifuate hadi mwisho uone. Mama wa kilo 75 akipunguza kalori 500 kila siku kwa miaka mitatu, kanuni inasema atakuwa amepoteza kilo 70. Atabaki na kilo 5! Hakuna daktari aliyewahi kumwona mtu huyo, na bado kanuni iliendelea kuchapishwa kwa zaidi ya nusu karne.

Kevin Hall na wenzake wa taasisi za taifa za afya za Marekani waliirekebisha mwaka 2011. Mwili unapopungua unahitaji kidogo zaidi kuubeba na kuuendesha, kwa hiyo pengo ulilolifungua linajifunga taratibu. Kwa makadirio yao, mtu mzima akipunguza kalori 240 kwa siku na kudumu hapo, atapoteza kama kilo 10, lakini nusu yake ndiyo itakayoondoka mwaka wa kwanza, na iliyobaki itachukua hadi kama mwaka wa tatu. Wengi huacha mizani inapopunguza kasi, wakidhani wamekosa nidhamu. Wameahidiwa kasi ambayo mwili hauna.

Basi mtu aanzie wapi? Mwaka 1990 Mark Mifflin, Sachiko St Jeor na wenzao waliwapima watu 498 huko Nevada, wakatoa kanuni ambayo wataalamu wengi wa lishe wanaitumia. Kwa mwanamke: zidisha uzito wa kilo kwa 10, urefu wa sentimita kwa 6.25, jumlisha; toa umri mara 5, kisha toa 161. Kwa mwanamume, badala ya kutoa 161 ongeza 5. Mama wa miaka 40, kilo 80, sentimita 160, anapata 1,439. Hiyo ni nguvu ya kulala tu na kupumua. Akiwa na shughuli nyepesi, zidisha kwa 1.4, inakuwa kama 2,000. Akitaka kupungua taratibu anatoa 500, anabaki na 1,500. Ni yeye huyu ambaye angepewa 1,200. Kijana wa kilo 90 anayebeba mizigo bandarini atapata zaidi ya 2,000 na bado apungue. Mama anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi sita anahitaji takriban 500 za ziada, na kumnyima ni kumnyima pamoja na mwanawe. Kushuka chini ya 800 kuna mahali pake, kwa mfano katika tiba ya kisukari, lakini chini ya uangalizi wa daktari anayekupima na kurekebisha dawa.

Kuna wanaosema chakula kibaki kilivyo, mazoezi yatamaliza kazi. Hapo ushahidi mmoja mkubwa umetoka Tanzania. Herman Pontzer na wenzake waliwapima Wahadzabe karibu na Ziwa Eyasi, wakiwapa kunywa maji yenye hidrojeni na oksijeni nzito, kisha kufuatilia kwenye mkojo jinsi mwili ulivyozitoa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Wanaume walitembea kama kilomita 11 kwa siku wakiwinda na kutafuta asali, wanawake karibu 6 wakichimba mizizi. Walitumia takriban kalori 2,600 na 1,900 kwa siku, na ukizingatia ukubwa wa miili yao, hiyo haikutofautiana na watu wa mijini Marekani na Ulaya. Kutembea kunawapa Wahadzabe mioyo yenye afya hadi uzeeni. Jumla ya kalori za siku, hata hivyo, inaonekana mwili huilinda kwa kubana kwingine.

Mwaka 2019 Hall alirudi na jaribio jingine. Watu 20 waliishi hospitalini Bethesda kwa wiki nne. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa sana kiwandani, wiki mbili vyakula vya kupikwa kutoka viungo halisi. Milo ililinganishwa kwa kalori, sukari, mafuta na nyuzinyuzi, na kila mmoja aliruhusiwa kula hadi ashibe. Kwenye chakula cha kiwandani walikula kalori kama 500 zaidi kila siku na kuongezeka karibu kilo moja. Kwenye kile kingine walipungua kiasi hicho hicho, bila mtu yeyote kuwaambia wahesabu.